Meza ya Juu Unayokwenda Nayo Mtowisa

Editha mwanangu,

Nimemwomba mama yako aichomeke barua hii katikati ya vitenge vyako, chini kabisa ya begi, ili uikute ukiwa umeshafika Mtowisa. Sitaki uisome hapa nikikuangalia. Ukiisoma hapa utacheka, ukicheka nitakasirika, na nikikasirika tutaagana vibaya kesho asubuhi, kama tulivyoanza kuagana vibaya tangu Jumapili. Nimefunga duka mapema, cherehani nimezifunika, nimekaa kwenye meza ya kukatia vitambaa huku upepo wa mtaa wetu huu wa Chanji ukigonga mlango kama mteja anayedai sare za mtoto wake. Jua bado lipo, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika vizuri.

Mambo ya neti, maji ya kuchemsha, joto la bondeni na nyoka mama yako ameshakwambia, na najua atakwambia tena kesho kabla gari halijawashwa, na likiwashwa atalikimbilia akimalizia. Mimi siyarudii. Nataka tuongee habari ya meza.

Unakumbuka ilivyokuwa Jumapili. Nilikuwa nimekuahidi meza ya kulia chakula iwe zawadi yangu ya kukutoa nyumbani, uchague mwenyewe, fundi Deo aitengeneze. Ukaniletea picha kwenye simu, tayari Deo umeshamtumia: meza ya juu, na viti virefu kama vya kaunta ya hoteli, mtu anakaa miguu ikining'inia. Nikasema hapana. Ukauliza kwa nini. Nikasema meza ya namna ile si ya watu. Ukasema, "Baba, wewe na mambo yako ya zamani." Basi nikanawa mikono nikiwa sijashiba, nikatoka nje bila koti, nikajifanya nakagua bomba la maji. Bomba lilikuwa zima. Nililikagua mpaka nikaanza kutetemeka kwa baridi, maana kurudi ndani mapema kungeonekana nimeshindwa.

Tangu siku ile unaniamkia shikamoo, naitikia marahaba, na maongezi yetu yanaishia hapo. Siwezi kukuacha ushuke bondeni hivyo. Kuna jambo hukulijua, wala huwezi kulikumbuka kwa udogo uliokuwa nao, na mama yako na bibi yako wamenifichia aibu yangu miaka yote hii. Mtu aliyekukatalia meza ya juu ndiye mtu wa kwanza Chanji nzima kuwa nayo.

Ile meza yetu ya sebuleni, ile fupi yenye miguu minene, uliyofanyia hesabu zako zote za shule ya msingi ukiwa umekaa chini, ile ambayo kila ukifagia unaniuliza kwa nini mguu mmoja umekanyaga kipande cha kandambili. Hiyo hiyo. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba wewe ulikuwa unapita chini yake bila kuinama.

Babu yako alikuwa amefariki, na nilikuwa nimeamua kumtoa bibi yako kijijini Msanzi aje akae nasi. Wakati huo mgahawa mmoja hapa mjini ulikuwa unafungwa, mwenyewe anauza vyombo. Nilikuwa nimewashonea wahudumu wake makoti, akaniita nichague kitu kabla ya wengine. Nikaingia, nikaikuta ile meza imesimama dirishani peke yake, mninga mtupu, na viti vyake virefu vimeizunguka. Nikapanda kimoja. Mwanangu, nilijiona mtu! Mgongo wa fundi cherehani umepinda tangu ujana, lakini pale juu ulinyooka wenyewe. Nikatazama nje, nikawa naona vichwa vya wapita njia kwa juu. Nikasema moyoni, mama yangu akija mjini, hapa ndipo atakapolia chakula.

Mama yako alipoiona inaingizwa mlangoni alisimama na mwiko mkononi.

"Baba Editha, hii ni ya kulia au ya kupigia pasi?"

"Ya kulia. Ya kisasa."

"Na ugali tutauona?"

Nikamwambia asiniletee ushamba. Samahani hiyo nimeshaiomba, si mara moja.

Bibi yako alifika na mzigo wake, akapumzika, chakula kikaiva. Mama yako alikuwa amesonga ugali wa ulezi kwa heshima ya mgeni, na migebuka ya kukaanga. Bibi akaitazama meza kuanzia miguuni, akapandisha macho taratibu mpaka juu. "Gaudensi, baba," akaniita, "hii ni meza au ni dari?" Nikacheka, nikasema atazoea. Tukampandisha, mimi kwapa hili na mama yako kwapa lile, kama gunia linalopakiwa kwenye lori. Akakaa. Miguu ikaning'inia. Ndala moja ikadondoka, na ya pili ikafuata. Akaushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akakaza. Ugali umeshafunuliwa, samaki ananukia, na mwenye shughuli hana mkono wa kumegea tonge.

"Mama, achia basi ule."

"Nikiachia nitaangukia wapi?"

Tulimlisha. Mama yangu mzazi, mzima wa afya, nilimlisha kama mtoto, kisha tukamshusha.

Kesho yake alitoa kigoda chake kwenye ule mzigo aliokuja nao, akakiweka karibu na ukuta, akakaa. Hakulalamika hata kidogo. Balaa lilianzia hapo, na wewe uliyelelewa humu utanielewa upesi. Kwetu mtoto hakai juu ya kichwa cha mzazi. Mkubwa akikaa kwenye kigoda, mdogo anatafuta mkeka. Mama yako akakitazama kiti kirefu, akamtazama mama mkwe wake pale chini, akachukua sahani yake akaenda zake mkekani. "Siwezi kumkalia mama kichwani," akasema. Wewe ukamfuata mama yako. Jirani akiingia, naye anateremka huko huko. Nikabaki juu peke yangu kama hakimu ambaye kesi imeahirishwa na hakuna aliyemwambia.

Ulikuwa unakuja kuninawisha, na jagi lako na beseni, kama ulivyofundishwa. Hukunifikia. Ukaliinua jagi juu ya kichwa chako ukamimina kwa imani, maji yakaingilia kwenye mkono wa shati yakatokea gotini. Jumuiya nayo ikaja kusali kwetu. Akina mama wakapiga magoti kunisalimu na kupiga makofi yao ya taratibu, nami niko juu ya kiti. Nikasikia makofi, watu siwaoni. Ilibidi niiname nichungulie chini ya meza kujua ni nani amekuja. Mama yako alikimbilia jikoni, akarudi baadaye macho mekundu, anasema ni moshi.

Mtu mwenye akili angeelewa hapo. Mimi nilisema mama atazoea. Nilisema hivyo asubuhi, nikasema jioni, nikawaambia na wateja dukani. Nilitaka sana azoee, kwa sababu meza ile niliipenda, na nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima kwamba nimemletea mama yangu maisha mazuri.

Siku moja bibi yako akaniambia, "Gaudensi, nimewakumbuka kuku wangu."

Hakuwa na kuku. Tuliwala wote kwenye matanga ya babu yako, na mimi mwenyewe ndiye niliyechinja. Alijua kwamba najua. Nikasema, "Sawa mama, nitakutafutia gari." Editha, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko meza. Mama yangu alinidanganya kwa adabu ili nisione aibu, na mimi nikaupokea uongo wake kwa sababu ulinifaa. Alipanda gari na kigoda chake mapajani. Nikarudi nyumbani nikapanda kiti changu, na mama yako akaniwekea chakula bila kusema neno. Unamjua mama yako akiamua kunyamaza. Bora agombe.

Baada ya mavuno nikaenda Msanzi kumpelekea sukari na mafuta. Nikamkuta jikoni, kazungukwa na watoto wa majirani, sahani moja ya ugali katikati yao, mikono inapishana. Hakuinuka. "Sogeeni," akawaambia, "mpisheni baba yenu." Nikachuchumaa na suruali yangu ya kushonwa vizuri, nikamega. Mwanangu, nilikula siku ile! Nilikuwa sijala vile tangu aondoke. Nikiwa nalamba vidole akaniuliza kwa upole kabisa, "Huko juu chakula hakishuki?" Nilicheka mpaka nikapaliwa, watoto wakanipiga mgongoni.

"Mama, turudi nyumbani."

"Na meza?"

"Nitaikata."

"Usiikate kwa hasira."

Niliikata kwa hasira. Nikaazima msumeno, nikachora chaki miguu yote, nikakata kama napunguza suruali. Sasa nguo ukiikosea unakunja pindo, unaficha, mteja anaondoka anashukuru. Mbao haina pindo. Meza ikayumba, nikapunguza mguu uliozidi. Ikayumba upande wa pili, nikapunguza na huo. Mama yako alikuwa amekaa kizingitini anatafuna karanga, ananitazama. Mwishowe akafungua mdomo. "Baba Editha, ukiendelea tutabaki na ubao wa kukatia nyanya." Nikauweka chini msumeno. Tukachomeka kile kipande cha kandambili, na hapo kipo mpaka leo. Viti virefu nikampa kinyozi. Bibi yako akarudi, na tangu hapo tunakula chini wote, na wewe ukakua ukidhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Kwa hiyo uliponionyesha ile picha, mimi niliona ndala za bibi yako zikidondoka. Ningekwambia hivyo tungecheka wote na chakula tungemaliza. Nikasema si ya watu. Baba yako ana shida hiyo, akiogopa anakuwa mkali. Na nilichoogopa si meza. Unakwenda mahali ambapo hujui mtu. Wewe ni afisa mifugo, watakuja kwako wafugaji, mzee mwenye fimbo yake na mkewe na vumbi la njiani, ng'ombe wao anaumwa, au kapona na wamekuletea maziwa ya kushukuru. Nikawaza, wataingia watakuta viti vya kupanda kama ngazi, watasema tunasimama tu, hatukai. Watakuaga mapema, na kwa adabu kubwa. Nikakuona umekaa huko juu peke yako na sahani yako, kama nilivyokaa mimi, tofauti ni kwamba wewe huna mama Editha wa kukukatalia. Wazo hilo lilininyima usingizi.

Basi jana asubuhi nikafanya ujinga mwingine, au niseme nilikaribia kuufanya. Nilikwenda kwa Deo. Meza yako alikuwa ameshaimaliza, maana hakuna aliyemwambia aache, anaipiga msasa wa mwisho.

"Shikamoo mzee. Kitu kimetoka hicho, cheki mwenyewe."

"Marahaba. Deo, kata hapa." Nikamwonyesha kwa kidole kwenye mguu. "Iwe kama meza za watu."

Akauacha msasa. "Editha anajua?"

"Nitamwambia."

"Akishafika Mtowisa?"

Deo ana watoto wakubwa, si mtu wa utani, na swali lake lilikuwa halali kabisa. Nilimpandisha mama yangu bila kumuuliza, na sasa nilikuwa nimesimama pale kwenye maranda namshusha mwanangu bila kumuuliza. Nikamwambia Deo aache kwanza. Kisha, sijui nini kilinituma, nikavuta kimojawapo cha viti vyako nikapanda. Goti likalia, mgongo ukanyooka. Editha, ni tamu! Ni tamu vile vile! Nikaweka viwiko mezani nikatazama karakana yote kama mkubwa wa wilaya. Deo akacheka, "Mzee, kumbe unapenda." Nilipenda, na sikuwa na namna ya kukataa, nimeshakaa juu. Umeipata kwangu hamu hiyo, mwanangu. Usimsingizie mtu wa kwenye simu.

Nikarudi nyumbani, nikamkuta bibi yako anaota jua mlangoni. Nikamsimulia yote, Jumapili yetu na karakana ya Deo. Nilitegemea aniambie nimkataze mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia neno lililonikalisha chini.

"Ile meza mimi niliipenda."

"Ipi, mama?"

"Ile uliyoikata. Niliipenda. Kule juu nilikuwa naona mpaka barabarani. Kiti ndicho kilichonishinda. Hakina pa kushika, hakina pa kuweka mguu. Nilisubiri uniulize."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasema sana wewe. Atazoea, atazoea. Ningeingilia wapi?"

Mninga ule, mwanangu. Mninga mtupu! Nilikaa pale chini miguuni pake nikacheka, halafu nikaona machozi yananitoka, naye akanipapasa kichwa kama zamani. Miaka yote hiyo nimejihesabu kuwa mtu aliyejifunza, kwamba niliacha makuu nikamrudia mama yangu chini. Kumbe hata kuikata niliikata bila kumuuliza. Alichotaka ni pa kuweka miguu.

Tukaita bajaji, tukaenda naye kwa Deo. Nikampima mwenyewe kwa futi yangu ya dukani, kutoka goti mpaka unyayo, kutoka kiuno mpaka kiwiko, naye akijishika mbavu kwa kutekenywa. Deo akachukua kimoja cha viti vyako akakiongeza mikono ya kushika pande zote mbili, ubao mpana wa kukanyagia, na ngazi ndogo ya kupandia iliyopigiliwa hapo hapo isipotee. Bibi yako akasimamia kazi yote. Akaagiza kiinuliwe kidogo kipite vingine. Deo akamuuliza kwa nini. "Ili nyinyi mkae vizuri," akasema. "Mkubwa akiwa juu kabisa, nani atahangaika kutafuta mkeka?"

Leo mchana kimekamilika. Kwa hiyo ukisoma hapa utakuwa umeshaona kwenye lori kiti kisichofanana na vingine, kimefungwa juu ya magodoro kama cha askofu, usimlaumu Deo. Meza yako ni ndefu kama ulivyoitaka, haijaguswa hata msumari. Kiti kile ni cha kila mzee atakayeingia kwako, wa huko au wa huku, na mwenyewe wa kwanza ameshaanza kufunga mzigo. Mama yako anamwambia asubiri barabara ikauke. Anajibu kwamba amechoka kusubiri watu wamuulize, mara hii anakwenda tu.

Sina amri yoyote juu ya namna ya kuishi kwako. Watu watakuja, kwa sababu una uso wa kufungua mlango, huo umetoa kwa mama yako. Wakiingia, waulize wanapenda kukaa wapi, na ukiuliza, nyamaza kidogo wajibu. Hapo ndipo mimi nilipokuwa nashindwa, na ndipo niliposhindwa tena Jumapili. Nisamehe kwa maneno yale. Ungeniambia ni meza ya namna gani na kwa nini unaipenda, ningejua ni ndoto gani ya nyumba unayo kichwani, lakini sikukupa nafasi.

Kesho nitakusaidia kupakia, na nitakuwa nimekunja uso. Nitamgombeza utingo kuhusu kamba, nitaulizia spea, nitazunguka gari bila sababu. Usiuamini uso ule. Utakuwa uso wa mtu ambaye binti yake anaondoka na hajui aweke wapi mikono.

Na siku nikifika kwako, nimechoka na safari na joto lenu, usinipangie pa kukaa kwa sababu mimi ni baba. Niulize. Nitakwambia hapo juu, kando yako.

Ni mimi ninayekupenda sana, na nilipaswa kulisema hilo kabla ya kulikagua lile bomba,

Baba